Jina la Dumu

Kila jioni, mbuzi wakishaingia zizini, Namunyak alimpa mwanawe simu ampigie kaka yake. Simu yenyewe ilikuwa ya kubofya, kioo kimepasuka, betri imebanwa na mpira wa baiskeli. Seuri alibonyeza namba ambayo vidole vyake vilishaijua vyenyewe, akaweka sauti ya nje, na wote watatu, yeye, mama yake na shemeji yake Lois, wakamsikiliza yule dada wa mtandao ambaye hajawahi kupata mafua wala kukasirika: namba unayopiga haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye.

"Mmemsikia?" Namunyak alisema. "Kwa sasa. Hakusema haipatikani kabisa. Kasema kwa sasa."

Hakuna aliyembishia. Utaanzaje kumbishia mtu ambaye ushahidi wake umetolewa na kampuni nzima? Lois aliinama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Seuri akazima simu kutunza chaji.

Kaelo alichukuliwa na maji masika yaliyopita, kwenye tambarare ya chini ya Msowero, siku mto ulipoamua kwamba njia yake ya miaka yote haiutoshi. Alikuwa anafuata ndama. Seuri alikuwa ng'ambo na ng'ombe wakubwa, akakiona kichwa cha kaka yake kikienda na majani na magogo, akamwita. Alimwita huku akikimbia ukingoni, alimwita mpaka sauti ikakauka kooni ikabaki pumzi tupu. Ndama walitoka wote, wakajikung'uta, wakaanza kula majani kama vile hawahusiki. Kaelo hakutoka. Walimtafuta kwenye matete na mashamba ya watu mpaka kwenye mikonge, wakapata kiatu kimoja cha katambuga. Nacho hakikusema kitu, maana wanaume wote wa upande ule wanakatiwa viatu na fundi yuleyule wa sokoni Kilosa, pengine kutoka tairi lilelile la lori.

Sasa, kwao Wamasai aliyekufa hatajwi jina. Akishalazwa, jina linalazwa naye, na anayelitaja ni kama anamvuta shuka aliyelala. Kwa sababu hiyo nyumba ile ilikuwa na lugha mbili. Namunyak alisema Kaelo asubuhi na Kaelo jioni: mwekeeni Kaelo maziwa ya mgando, msikalie kigoda cha Kaelo, mbwa anabweka hivi Kaelo anapokuja. Lois alisema "yule". Seuri hakusema hili wala lile. Sentensi yoyote iliyoelekea kwa kaka yake aliizunguka, kama dereva anavyokwepa shimo alilowahi kuvunjia springi. Na kwa kuwa mama mwenye nyumba hajanyoa nywele za msiba, Lois naye hakuweza kunyoa wala kuvua shanga. Akabaki hapo katikati, si mke si mjane, kama gari lililozimika njia panda.

Ndipo likaja shirika moja na habari za mashua. Kila kijiji kinachozingirwa na maji kingepewa mashua ya tanga, kwa sababu injini inakunywa petroli, na masika barabara ikikatika hata hiyo petroli haifiki. Sharti lilikuwa moja: kijiji kitoe mtu, asome, afaulu mtihani wa vitendo, apate cheti. Kijiji kisicho na nahodha mwenye cheti hakipati mashua. Mkutanoni kila mtu aliangalia vidole vyake vya miguu. Seuri aliponyoosha mkono, wakulima walicheka na wafugaji wakaona aibu.

Nyumbani alitegemea ugomvi. Nani atachunga? Namunyak hata hakumaliza kumsikiliza. Akasema watachunga yeye na Lois. Kisha akamtazama kwa makini.

"Si ndiyo hiyo kozi ya kuvuta watu majini?"

"Na hilo wanafundisha, yeyo," alisema, kwa neno la kwao la mama. "Ni sehemu tu ya—"

"Basi nenda. Ukishajua, utamtoa Kaelo."

Seuri alifungua mdomo. Lois alimwangalia kwa upande wa jicho, kumwomba aseme au kumwomba anyamaze, hakujua. Akaufunga mdomo. Kesho yake akapanda basi la Mikumi na lile neno bado liko nyuma ya meno.


Masomo ya darasani yalifanyika Mikumi, kwenye ukumbi wa kukodi kando ya barabara kuu, ambako malori ya Zambia yakipita madirisha yanatetemeka na mwalimu anasubiri. Mwalimu mwenyewe aliitwa Mudi, mtu wa pwani, mwembamba, mwenye utani kwa kila jambo. Siku ya kwanza aliwaambia kwamba upepo ukikukabili usoni huwezi kuuendea moja kwa moja. Unakwenda upande huu kidogo, unageuza tanga, unakwenda upande ule kidogo, na hiyo ndiyo inaitwa kubisha.

Donati, mkulima kutoka milima ya Vidunda aliyekuwa analala kitanda cha jirani na Seuri, akasema kama ni kubisha tu, basi mke wake anaweza kuvusha meli.

Walicheka. Seuri alicheka pia. Kilichofuata hakikumchekesha sana. Walipohamia kwenye vitendo, katika bwawa la zamani la shamba la mkonge lililo njiani kwenda Kilosa, alikabidhiwa jaketi la kuokolea akalivaa juu ya shuka. Watoto wa kambi ya wakata mkonge walikuja kutazama. Akina mama waliokuwa wanafua waliacha kufua. Mmoja akamwuliza kwa adabu zote kama na ng'ombe nao watavalishwa.

"Leo tutaona ng'ombe akifundishwa kuogelea," Donati alisema.

"Ng'ombe anaogelea, kaka," Seuri alimjibu. "Tuliyemletea mwalimu ni wewe."

Ikawa kweli, maana Donati alitumbukia siku hiyohiyo kabla hata mashua haijaondoka, akavutwa kwa ukosi kama paka. Baada ya hapo wakawa marafiki. Upepo ulikuwa unashuka kutoka milimani mchana, na Seuri, aliyekua akichungia kando ya hifadhi, ambako ni lazima ujue nyati yuko upande gani wa harufu yako, hakuhangaika nao sana. Alijifunza kushika usukani na kamba ya tanga pamoja. Alijifunza kuinama pale foromali, ule mti unaobeba tanga, inapopita, baada ya mti huo kumkumbusha mara mbili kwa kumgonga kisogoni.

Kilichomshinda ni dumu.

Lilikuwa dumu la mafuta ya kula, la njano, limetiwa maji nusu ili lielee kwa shida. Mudi alilitupa majini mashua ikiwa mbioni, na mwanafunzi alipaswa kupiga kelele mtu majini, kisha alielekeze kidole, ageuze mashua, arudi, alivute. Na muda wote huo aliite kwa jina. Jina unalipa mwenyewe. Donati aliliita Mama Mkwe, likamwacha mita nyingi, na hakuonekana kusikitika. Mudi akawakusanya wote.

"Hapa ndipo utani wangu unapoishia," alisema. "Mtu aliye majini anaitwa jina lake. Akisikia jina anajua ameonekana, anaendelea kupiga mikono. Ukinyamaza, anajua umempoteza, naye anajiachia. Kwa hiyo dumu lipeni jina la mtu ambaye huwezi kurudi nyumbani bila yeye."

Seuri alikuwa amechuchumaa, anakamua pindo la shuka.

"Na ukimwita, mwalimu, na akazama?"

Mudi alitaka kujibu upesi, kama kawaida yake. Kisha akaziona zile sura mbili tatu za watu wa bondeni zilizokuwa zimeinama, akaelewa ameulizwa nini.

"Basi alizama akijua yupo mtu," alisema. "Sina jibu lingine, mdogo wangu."

Kuanzia hapo Seuri aliliita dumu lake Seuri. Kijana amesimama kwenye mashua anajiita mwenyewe kwa nguvu zake zote: watoto wa kambini walilipenda sana hilo, wakawa wanamwitikia kutoka ukingoni. Mudi alimwuliza siku akijibu mwenyewe watafanyaje. Lakini alimwacha, kwa sababu kijana alirudi kila mara na dumu mkononi.

Namunyak hakuiacha simu. Kila jioni ilikuwa ni Lois anapiga, anampa mama, na mama anataka kujua jambo moja tu: wameshafika kwenye kuvuta? Wameshafika, yeyo. Wanavuta na waliozama siku nyingi? Hapo mtandao ulisumbua. Ajabu ya mtandao wa Seuri ni kwamba ulisumbua swali hilohilo kila jioni.


Mtahini alitoka Dar es Salaam, lakini kwao ni Kyela, kwenye ziwa: mwanamke mnene, mtulivu, jina lake Tumwagile. Seuri alimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye makaratasi yake. Donati alitangulia. Aliliita dumu lake Jackline, jina la binti yake mdogo, na safari hii aliliita kwa hofu iliyomtoa jasho hadi wafuaji wakasimama. Alifaulu. Alipotua nchi kavu alikaa chini kwanza, hakuamini.

Seuri alikuwa anafunga jaketi alipoiona bodaboda ikija kwenye barabara ya mikonge na kukata tamaa kabla ya matope. Namunyak alishuka. Lois alishuka nyuma yake, na kwa jinsi alivyotikisa kichwa kutoka mbali Seuri alijua kwamba alikuwa amejaribu kumzuia tangu alfajiri.

Aliwaendea, akainamisha kichwa, mama yake akakigusa. Mkononi Namunyak alikuwa na mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko lilikuwamo shuka jekundu lililokunjwa vizuri, lililofuliwa, kavu.

"Atakuwa na baridi akitoka," Namunyak alisema.

Wakati wa kusema ulikuwa huo. Seuri alikuwa na maneno yote tayari, alikuwa nayo tangu siku ya basi. Yeyo, kozi hii si ya waliokwisha kwenda. Yeyo, hili ni bwawa, si ule mto. Lakini Tumwagile aliita jina lake, na kijana anayeitwa na mtahini huondoka. Alimwomba tu mama yake akae pale pale, juu, asisogelee maji. Lois akamshika mkono mkwewe.

Mashuani Tumwagile alikaa mbele, dumu miguuni.

"Jina la mtu wako?"

"Seuri."

"Seuri ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Aliyeko usukanini hawezi kuwa majini. Utatoa jina jingine. Sihitaji kulijua sasa, nitalisikia utakapoliita."

Walitweka tanga, wakaenda. Alibisha vizuri, mara ya kwanza, mara ya pili. Kichwani alikuwa anatafuta jina: la Donati, la mwenyekiti wa kijiji, la ng'ombe ikibidi. Alikuwa karibu ameamua, ndipo aliposikia kishindo cha maji nyuma yake.

Aligeuka. Dumu lilikuwa limezama, kisha likaibuka kwa ubavu, na mshikio wake ukajitokeza juu ya maji kama kiwiko. Likaanza kwenda. Namna lilivyokwenda, bila haraka, likijigeuza, ndiyo iliyomponza. Sauti ilimtoka kabla yake. Ile sauti iliyomkaukia siku ile ukingoni haikuwa imekufa. Ilikuwa imetulia mahali, kana kwamba ilisimama kumeza mate, na sasa ikaendelea palepale ilipoishia.

"Mtu majini! Kaelo! Kaelo!"

Ukingoni Namunyak alinyanyuka. Lois alibaki na bangili mkononi, mkono wenyewe haupo. Wafuaji walimwona mama wa Kimasai akishuka mteremko kama msichana, akiingia majini na viatu, mpaka magotini, mpaka kiunoni, mikono imenyooka mbele, akimwambia mwanawe amshike, asimwachie, amshike.

Seuri aliusukuma usukani upande wa mama yake. Hakufikiri. Tanga likakosa upepo, likapiga makofi, mashua ikayumba, na dumu likajiendea zake kuelekea matete. Kabla mashua haijagusa chini alikuwa amesharuka. Alimfikia pamoja na Mudi, wakamkokota hadi nyasini. Mama alikuwa anahema, macho yapo kwenye maji.

"Yuko wapi?"

"Yeyo. Ni dumu."

"Ulimwita."

"Niliita dumu. Ni mtihani. Lazima uliite."

"Uliliita kwa jina lake," Namunyak alisema, polepole, kama anamfafanulia mtoto. "Tangu masika wewe hujalitaja jina hilo. Mimi nalitaja, wewe hulitaji. Leo umelitaja. Nikajua umemwona."

Hapo ndipo Donati, kwa wema au kwa kukosa la kufanya, aliporudi kutoka kwenye matete na dumu, akaliweka mbele ya mama. Watu walitamani ardhi immeze yeye na dumu lake. Namunyak aliliangalia. Alilishika mshikio, akaligeuza, akaona maandishi ya mafuta ya alizeti yaliyofifia. Alifungua kifuniko akalilaza, na maji yaliyokuwamo yakatoka kwa kukwamakwama mpaka yakaisha. Kisha akachungulia ndani.

Tumwagile alisimama pembeni, sketi imelowa. Akasema, kwa sauti ya chini lakini ya kazi, kwamba nahodha aliyemwacha mtu majini hajafaulu, hata kama sababu anaielewa, na yeye anaielewa kuliko wanavyodhani. Anaweza kumtahini tena, mara moja tu. Upepo ukilala kabla hawajaondoka, basi, na kijiji kitangoja mwaka mwingine.

"Siwezi, mama," Seuri alisema.

Mudi alimvuta kando, akamwambia mambo mengi: mashua, masika yanayokuja, wajawazito wa huko kwao watakaovushwa juu ya milango ya nyumba iliyong'olewa. Seuri alitikisa kichwa. Si kwamba hakutaka. Alihisi akifungua mdomo tena litatoka lilelile, na mama yake ataingia majini tena, na safari hii hawatamwahi.

"Seuri," Namunyak aliita.

Akaja, akachuchumaa.

"Yule," mama yake alisema.

Lois aliinua kichwa.

"Yule usimwite tena. Mwache alale."

Lois alilitoa lile shuka kavu kwenye mfuko, akalikunjua, akamfunika mkwewe mabegani. Namunyak aliliacha, hata akalivuta vizuri kifuani, nguo kama nguo nyingine. Kisha Lois akaenda kukaa mbali kidogo, akapeleka mikono shingoni, akaanza kuvua shanga zake, moja baada ya nyingine, akiziweka mapajani bila kulia.

"Niite mimi," Namunyak alisema.

"Majini kuna dumu tu, yeyo."

"Nimeliona. Nimeshalichungulia. Ndiyo nasema niite mimi. Mimi nitakuitikia."


Upepo ulikuwa umepungua lakini upo. Donati alijaza dumu, akalikabidhi mashuani kwa mikono miwili. Wakatweka. Tumwagile hakuuliza jina. Walifika katikati, akabisha, na dumu likadondoshwa.

"Mtu majini," Seuri alisema, akanyoosha kidole. Kisha akaita. "Yeyo!"

"Niko hapa," ikajibu sauti kutoka nyasini.

Aligeuza. Foromali ilipita juu ya kisogo chake, akainama bila kuambiwa. Upepo ukawa usoni, dumu liko upande wa juu, ikabidi aliendee kwa kuzunguka, mashua ikilipa mgongo na kulirudia.

"Yeyo!"

"Niko hapa."

Kila alipoita aliitikiwa, na kila alipoitikiwa mkono wake kwenye kamba ulitulia zaidi. Aliachia tanga mapema, mashua ikajongea yenyewe, polepole, na akalidaka dumu kwa mshikio, akalivuta likaja likimwaga maji juu ya magoti yake. Lilikuwa zito kuliko siku zote, au ndivyo alivyoona. Alilikumbatia.

"Umefaulu, mwanangu," Tumwagile alisema. "Teremsha tanga."

Akaliteremsha. Mashua ikabaki inaelea bila sauti. Huko ukingoni Mudi alikuwa amevua kofia, naye hakuwa na utani wowote.

"Niko hapa," Namunyak aliitikia.

Seuri aliinua macho. Hakuwa ameita. Mama yake alikuwa amesimama na lile shuka mabegani, hamtazami yeye wala mashua. Anatazama matete ya upande wa pili, kichwa kimeinamia bega kidogo, kama mtu anayesikiliza sauti nyingine ikimwita.

"Niko hapa," akaitikia tena.